Meya wa Tano

Kamati ya Mnara ilimwaga zege la nguzo tano kabla haijahesabu mameya. Si kwamba wanakamati hawakujua kuhesabu. Walihesabu, tena wakarudia, ila walichohesabu ni picha zilizotundikwa kwenye korido ya ukumbi wa jiji, na picha zilikuwa tano. Nguzo zikasimama uwanjani, kila moja ikifika kifuani mwa mtu mzima, zikisubiri vichwa vya mameya walioongoza mji mkuu wakati wa vita. Ndipo mchongaji alipoomba apelekewe hizo picha kwenye karakana yake. Akazipanga mezani, akazitazama, akazigeuzageuza, kisha akapiga simu kuuliza kwa adabu zote kwa nini bwana mmoja anachongwa mara mbili.

Ni kweli. Picha mbili kati ya zile tano zilikuwa za mtu mmoja. Alianza vita akiwa amenyoa, wembe ulipoadimika mjini akafuga ndevu, na wapiga picha wa jiji wakamhesabia kila uso na fremu yake. Miaka yote hiyo watu walipita chini yake kwenye ile korido wakidhani wanapita chini ya wawili.

Kuvunja nguzo moja haikuwezekana. Nne zilikuwa pembeni na moja katikati. Ukiondoa ya katikati panabaki shimo, ukiondoa ya pembeni uwanja unaonekana kama mdomo uliong'olewa jino. Kwa hiyo kamati ikaamua kutafuta meya.

Habari hii ilimfikia Kinyozi akiwa amempaka Muuza Nyama povu hadi masikioni. Muuza Nyama alikuwa mtu wa kujua mambo mapema, maana wote waliokuwa na madaraka mtaani walikula nyama. Alisimulia kisa kizima bila kutikisa kidevu, kwa kuogopa wembe, kisha akamalizia kwa upole kabisa:

"Sasa, mbona nyumbani kwenu yuko mmoja, amekaa bure?"

Saluni nzima ilicheka. Kinyozi naye alicheka, kwa sababu kinyozi asiyecheka na wateja wake atanyoa ukuta. Lakini mkono ulioshika wembe ulisimama.

Baba mkwe wake, ambaye sasa ni marehemu, aliwahi kweli kuwa meya, kwa ile miezi ambayo hakuna aliyependa kuitaja. Kazi yake hasa ilikuwa mkuu wa idara ya maji. Majeshi ya adui yalipokaribia, meya mwenyewe alipanda gari kwenda kutafuta msaada, na msaada huo ulimchukua hadi vita vilipokwisha. Ofisini alibaki mkuu wa maji, na kwa kuwa pampu hazikubali dizeli isiyo na sahihi ya meya, akakalia kile kiti ili atie sahihi. Siku askari walipofika darajani aliwaendea amevaa suti, mkononi ana shuka jeupe lililofungwa kwenye mpini wa fagio, akawaambia: karibuni.

Neno moja tu. Walioshuhudia darajani hawakuzidi vidole vya kiganja kimoja, lakini vita vilipokwisha mji mzima ulikuwa umelisikia. Serikali ilimfunga kidogo, ikamwachia, ikamnyang'anya kazi. Akaishi kwa kuziba mabomba ya watu, na watu hao, yeye akiwa amelala chini ya sinki zao, walimwita Mzee Karibuni. Alipokufa, jina halikuzikwa naye. Lilibaki nyumbani kama kabati kubwa ambalo hakuna anayelitaka na halipiti mlangoni.

Ndiyo maana katika nyumba ile neno hilo halikutumika. Mtu akipiga hodi anajibiwa "Ingia," au "Pita," au "Nani huyo?" Mkewe Kinyozi, ambaye alishona nguo chumba cha mbele, aliwaambia wateja "Sogeza kiti." Kinyozi mwenyewe, enzi za uchumba, alisimama mlangoni mara kadhaa akisubiri kukaribishwa, akaondoka akiamini amekataliwa. Ilibidi binti amfuate barabarani na kumweleza.

*

Siku mbili hazikupita, Katibu wa Kamati akatuma ujumbe kwamba yeye na Mwenyekiti wangependa kuitembelea familia.

Mkewe Kinyozi aliosha mapazia, akayapiga pasi, akayatundika, akaona yamefupika, akayashusha tena. Alikuwa mwanamke wa kujinyima maneno. Sokoni alipita akitazama ncha za viatu vyake, na Kinyozi alizoea kumtania kwamba ndiye mtu pekee mjini aliyejua idadi ya vigae vya njiani. Usiku ule hakutaniwa. Alimketisha mumewe kwenye kiti cha wateja na kumwambia anachotaka.

"Nataka nipite pale uwanjani, nimtazame baba, na kumtazama iwe lazima niinue shingo. Basi. Hata wakimchonga na pua ya mtu mwingine, sitalalamika."

Alimwomba azungumze na mama yake. Mama alimsikiliza mkwe kuliko alivyomsikiliza mtoto, kwa sababu mkwe ndiye aliyemnyoa, na mtu ukimpa shingo yako hukosi kumpa na sikio. Kinyozi akakubali. Tena alikubali kupita kiasi, maana asubuhi iliyofuata alimwendea mchora mabango akaagiza kibao kipya cha duka: SALUNI YA MEYA. Rangi ikiwa bado mbichi akakitundika. Muuza Nyama alikuja kukitazama, akarudi buchani, akaja tena na watu wawili wakitazame.

Mama mkwe alinyolewa uani, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, khanga begani. Kinyozi alizunguka mbali kama mwanasheria. Alimweleza habari za nguzo, za mchongaji, za ndevu. Alisema kamati ni watu wazuri, ila wangependa kisa kilichonyooka. Mama asiwachoshe na mambo mengi. Akiulizwa aseme mzee alisimama darajani, na kweli alisimama, hakukaa.

Mama alipuliza nywele zilizomwangukia kwenye mkono.

"Wanataka kumpandisha kule juu," akauliza, "akafanye nini?"

Kinyozi alisema atatazamwa tu, Mama.

"Alitazamwa sana huyo," Mama akasema. "Endelea kunyoa."

*

Walikuja Jumamosi alasiri. Mwenyekiti alikuwa mtu mnene wa rika la mkewe Kinyozi, mwenye tabia ya kufunga macho akisikiliza, kwa hiyo haikujulikana lini anasikiliza na lini amelala. Katibu alikuwa kijana aliyevaa tai siku isiyo ya kazi. Walikuwa wamebeba maji yao ya chupa, na kila mmoja alikuwa ameshaanza kunywa yake.

Walipiga hodi. Mkewe Kinyozi alikuwa amejizoeza tangu asubuhi kusema "Piteni ndani" kwa sauti laini, lakini kabla hajafungua mdomo, Mama, aliyekuwa ameketi kwenye kochi akitazama mlango, alisema:

"Karibuni."

Bilauri ziligongana kwenye sinia alilobeba binti yake. Kinyozi alimtazama mama mkwe wake kama mtu aliyemsikia paka akitaja saa. Wageni hawakugundua lolote. Waliingia, wakashukuru, wakaketi. Sebule ilikuwa ndogo, hivyo magoti ya Mwenyekiti yakakutana na magoti ya Mama na yakabaki hapo hadi mwisho wa kikao. Walipopewa maji waliinua chupa zao kuonyesha kwamba wanayo, na mkewe Kinyozi akabaki amesimama na sinia hadi alipopata pa kuliweka, juu ya cherehani.

Mwenyekiti alieleza kwamba taifa limekomaa, kwamba historia inatazamwa upya, kwamba kamati imegundua pengo. Hakusema pengo lenyewe lina urefu wa kufika kifuani. Kisha akampa nafasi Katibu, ambaye alisoma maneno yatakayochongwa chini ya sanamu, ili familia iyathibitishe. Meya huyu, alisoma, aliwakabili adui darajani, peke yake, bila silaha, akawaambia: hampiti.

Mkewe Kinyozi alifunga macho. Neno "hampiti" lilimpendeza kupita kiasi. Ungedhani amevalishwa nguo mpya mbele ya watu.

"Hakusema hivyo," Mama akasema.

Kinyozi alikohoa. Mama alimwambia akanywe maji, yapo juu ya cherehani.

"Hakusema hampiti. Angewaambiaje hawapiti, nao wana vifaru na yeye ana fagio? Alisema karibuni."

Katibu alisema kwa huruma kwamba wanajua uvumi uliokuwepo, na kwamba mnara huu ndio nafasi ya kuufuta. Mama akauliza uvumi gani. Yeye anaeleza kilichosemwa, na anakijua kwa sababu aliyempa mzee neno lenyewe ni yeye.

Hapo Mwenyekiti alifungua macho.

"Tulikuwa jikoni," Mama alisema. Hakuwa na haraka wala aibu. Alisimulia kama anayeeleza alivyochagua kitambaa. "Amevaa suti anajizoeza. Anataka kusema 'tumesalimu amri.' Kila akifika kwenye 'amri' linamkwama. Nikamwambia, wewe, hao wakiingia kama wezi watavunja kila kitu, na pampu zako ndizo za kwanza. Wakiingia kama wageni wataona haya, angalau siku mbili tatu. Waambie karibuni. Na kabla hawajatua mizigo, waombe dizeli."

"Wakatoa?" Kinyozi aliuliza. Miaka yote ya kumnyoa mama huyu hakuwahi kulisikia hili.

"Walitoa. Wangekosaje kutoa, na wana vumbi mpaka kwenye nyusi na wanataka kuoga? Maji yalitoka siku ile na siku zote. Yalitoka kwao na yalitoka kwenu."

Katibu aliandika, akafuta. Alisema kisa ni kizuri mno, cha kibinadamu, lakini Mama aelewe, neno lile haliwezi kuchongwa kwenye jiwe la taifa. Watu watalichukuliaje?

"Mlilichukuliaje nyie?" Mama akauliza. "Nimewaambia mlangoni sasa hivi, na mkaingia."

Chupa ya Katibu ilitoa mlio mdogo mkononi mwake.

Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye kamati nyingi na alijua kwamba mlango ukiwa mgumu hutafutwa dirisha. Alimgeukia mkewe Kinyozi, magoti yakabaki palepale.

"Dada yangu," alisema, "Mama ni mtu mzima. Umri ule kumbukumbu huchoka, si kosa lake. Wewe ndiye mtoto wa marehemu. Ukituambia alikataa, tunaandika alikataa, na kesho mchongaji anaanza kazi. Neno lako linatosha."

Kinyozi alimtazama mkewe. Alijua anachokitaka, kwa sababu alikuwa amekisikia kwenye kile kiti cha wateja, na alikuwa na kibao cha rangi nyekundu kilichothibitisha kwamba hata yeye anakitaka. Lilikuwa neno moja tu la kusema. Angeweza hata kutikisa kichwa. Kinyozi mwenyewe, bila kujijua, alikuwa ameshaanza kutikisa cha kwake.

Mkewe hakumtazama. Alimtazama mama yake, aliyekuwa akikung'uta vumbi ambalo halikuwepo kwenye mkono wa kochi.

"Mama yangu hasahau," alisema. "Hasahau hata sindano alikoichomeka mwaka jana." Ikaonekana amemaliza. Halafu akaendelea, kwa sauti ileile aliyotumia kuwaeleza wateja kwamba gauni halitawatosha. "Nami nilikuwepo. Lile shuka lilikuwa la kitanda changu. Nililishika pindo lisiburuzike kwenye tope, maana nilijua usiku nitalilalia. Baba alisema karibuni. Alilisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka."

Mwenyekiti alingoja, labda kuna la kuongeza.

"Ndivyo alivyosema," mkewe Kinyozi akasema. "Nilikuwa karibu yake kuliko hao waliokwenda kusimulia."

Wageni walisimama. Ilichukua muda, kwa sababu ya magoti. Mlangoni Katibu alishukuru familia kwa ushirikiano, na Mama akamkumbusha kwamba ameacha chupa yake.

*

Mapazia yalirudishwa madirishani. Kwa siku kadhaa mkewe Kinyozi alishona bila kusema, na cherehani ikasema kwa niaba yake. Kinyozi alijaribu kumpoza. Alimwambia nguzo yenyewe ni ya zege baya, mvua mbili itapasuka. Alimuuliza kwa nini hakuwahi kumwambia kwamba alikuwepo darajani.

"Shuleni walikuwa wakiniuliza," alisema bila kuinua kichwa. "Nilikuwa nawaambia sikuwepo. Nikazoea. Hata wewe ulipokuja nikakuambia vilevile, na baadaye sikuona pa kuanzia."

Akakata uzi kwa meno. Kinyozi alisubiri alie, ili ajue la kufanya, lakini hakulia. Alimpa suruali ashike miguu wakati yeye anapima kiuno.

Mtaani habari zilifika zimeshapikwa na kuungwa. Muuza Nyama alimuuliza Kinyozi kama ni kweli mama mkwe wake alikataa mnara, na Kinyozi akasema hakuukataa, aliusahihisha. Jibu hilo alilipenda, akalirudia kwa kila mteja hadi likachakaa. Kilichomtesa ni kile kibao. Alikigeuza uso ukutani, watu wakamuuliza kama Meya amepinduliwa. Akakishusha, akakipeleka nyumbani, akakiegemeza nyuma ya mlango. Mkewe alikikuta akifagia. Alikisoma kwa muda mrefu kuliko herufi zilivyohitaji.

"Kirudishe," alisema.

"Watacheka."

"Si ni saluni yako, na meya si alikuwa baba yangu? Kuna uongo gani hapo? Kirudishe."

Akakirudisha. Walicheka, kisha wakachoka.

*

Mnara ulikamilika. Alasiri ya kuamkia uzinduzi, Mwenyekiti aliingia saluni bila kutarajiwa. Kinyozi wake wa kawaida alikuwa amefiwa, na kesho yake kulikuwa na viongozi, hotuba na wapiga picha. Aliinama kupita chini ya kibao, na kama alikisoma, hakuonyesha. Muuza Nyama, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri zamu ambayo hakuwa nayo, alikumbuka ameacha buchani mizani peke yake, akatoka.

Kinyozi alimfunga shuka shingoni. Kwa muda ilisikika mashine tu. Mwishowe, kwa kuwa kunyamaza hakukuwa katika ufundi wake, aliuliza ile nguzo iliyobaki walifanyaje.

Mwenyekiti alisema walirudia mpango wa awali. Yule bwana wa picha mbili amechongwa mara mbili, kushoto akiwa amenyoa, kulia akiwa na ndevu. Chini ya kichwa cha kwanza wameandika mwanzo wa vita, chini ya cha pili katikati ya vita. Wageni wa kesho watadhani ni ubunifu.

Kinyozi alisema ndevu za mawe ni kazi ngumu. Mwenyekiti akakubali kwamba mchongaji alilalamika.

Mashine ikaendelea. Mwenyekiti alikuwa amefunga macho, Kinyozi akadhani amelala, hata akapunguza kasi.

"Sisi tulikuwa tukikaa nyuma ya soko," Mwenyekiti alisema, macho bado yamefungwa. "Nyumba ya tatu kutoka kisimani, kile kisima kilichofukiwa. Tulikuwa watoto sita."

Kinyozi alizima mashine.

"Maji hayakukatika," Mwenyekiti akasema. "Vita vyote vile. Mama alikuwa akifungua bomba kila asubuhi akishangaa. Hayakukatika hata siku moja."

Alifungua macho, akajitazama kwenye kioo. Kinyozi alimtazama humohumo kwenye kioo, akangoja. Aliona mdomo wa yule bwana ukijiandaa, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alitamani mteja aongee zaidi.

"Pembeni punguza zaidi kidogo," Mwenyekiti alisema. "Kesho kuna picha."

*

Nyumbani Kinyozi aliyasimulia yote. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, na Mama karibu yake akifumua mshono wa koti la mteja. Kwenye "hayakukatika" cherehani ilinyamaza.

"Alisema hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Na kesho atasema?"

"Kesho atasema yaliyoandikwa."

Mkewe aliuzungusha uzi kidoleni, akaukunjua. Mama aliuliza ni nyumba ya tatu upande upi wa kisima. Alipoambiwa haikutajwa, alisema wote wa pale walikuwa na watoto wachafu, maji walikuwa wanayahitaji. Kisha akarudia koti lake, akafumua mshono hadi mwisho, ndipo akauliza:

"Kichwa chake ulikinyoa?"

"Nilikinyoa, Mama."

"Vizuri?"

Kinyozi alijitazama mikono. Alisema kwamba mtu akimtazama Mwenyekiti kwa mbele hataona tatizo. Akimtazama kwa kulia vilevile, kazi ni safi, hata yeye mwenyewe ameridhika nayo.

"Na kushoto?" mkewe akauliza.

Kinyozi alisema kushoto hakupata muda wa kutosha, maana aliambiwa apunguze, akapunguza, akaambiwa tena, na yeye ni mtu wa kutii wateja. Mwenyekiti alijitazama kwenye kioo kwa mbele tu, akatoa shukrani, akaenda.

Mkewe aliweka paji la uso juu ya cherehani. Mabega yalimtikisika, na kwa kitambo Kinyozi hakujua ni kilio au nini, hadi sauti ilipomtoka. Alikuwa akicheka hivyo zamani, enzi za uchumba. Mama alimngoja amalize. Alikunja koti, akachomeka sindano kwenye mto wake, akasema:

"Basi kesho tutakwenda wote. Tukae kushoto."